Juisi Isiyonyweka

Ilikuwa Jumamosi, saa saba hivi za mchana. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku na ndiyo kwanza usingizi unikolee, jirani yangu aliponigongea dirisha. Hakubisha hodi mlangoni kama ilivyo desturi yake. “Sista, njoo upesi! Mtoto anatapika, amekunywa vitu vya mjomba wake!”

Nilimkuta mjukuu wake, binti wa miaka miwili na nusu, amekaa kwenye sakafu ya jikoni. Gauni lilikuwa limelowa kifuani, mate yanamtiririka, uso umempauka na jasho linamtoka kama mtu aliyebeba mzigo. Jiko zima lilinukia stroberi na maziwa, harufu tamu kama ya duka la keki. Kando yake zililala chupa mbili ndogo za plastiki, moja imefunguka. Hazikuwa na maandishi yoyote. Bibi yake alikuwa ameshamimina kikombe cha maziwa tayari kumnywesha.

Nikamuuliza, “Mama, hiki ni nini?”

“Ni juisi,” akanijibu. “Ndivyo anavyoiita mwanangu. Anaitengeneza mwenyewe, anaivuta kwenye ile filimbi yake ya moshi.”

Wapenzi wasomaji, mtoto huyu nitamrudia. Lakini kwanza niwaeleze juisi hiyo ni kitu gani, maana akina mama wengi tunapika na kufagia pembeni ya chupa kama zile bila kujua tunaishi na nini.

Vitu vinne ndani ya chupa moja

Sigara ya kielektroniki, ambayo vijana wetu wanaiita vepu, ilibuniwa kwa namna tunayoijua leo na mfamasia mmoja wa China, Hon Lik, mwaka 2003. Yeye mwenyewe alikuwa mvutaji wa sigara, na baba yake aliuawa na saratani ya mapafu. Kifaa chenyewe si cha ajabu: kuna betri, waya mdogo unaopata moto, na pamba iliyoloweshwa kimiminika. Waya ukipata moto, kimiminika kinageuka mvuke, na mvutaji anauvuta ndani. Hakuna kiberiti wala majivu, na harufu ya tumbaku inayowasaliti vijana kwa wazazi wao haipo.

Kimiminika hicho ndicho kinachoitwa juisi. Kina vitu vinne. Cha kwanza ni propilini glaikoli, maji mepesi yasiyo na rangi, yanayotumika pia katika dawa na vyakula. Cha pili ni glisirini, ile ile tunayoifahamu kwa kupaka midomo na visigino vilivyopasuka, ila hii inatakiwa iwe safi kabisa. Ndiyo inayoleta moshi mzito. Cha tatu ni arki za ladha: embe, vanila, mnanaa, keki, hata chai ya maziwa. Cha nne ni nikotini, ile sumu ya tumbaku inayomfanya mtu ashindwe kuacha.

Huko Marekani na Ulaya kuchanganya juisi nyumbani ni jambo la miaka mingi. Wengi walianza kwa sababu ya bei. Kisha sheria za Ulaya, zilizoanza kutumika mwaka 2016, zikaweka mpaka: juisi yenye nikotini isizidi miligramu 20 kwa kila mililita, na chupa yake isizidi mililita 10. Watu wakaanza kununua chupa kubwa isiyo na nikotini na kujichanganyia. Huko Marekani nikotini ya nguvu, ya miligramu 100 kwa mililita, inauzwa kwa wachanganyaji wa nyumbani kama sisi tunavyonunua siki. Kijana wa jirani yangu yuko chuoni. Aliipata kupitia rafiki yake mwenye ndugu huko. Alijifunza kwa video za kwenye simu, akanunua mzani mdogo wa jikoni na mabomba ya sindano, akaanza kuwachanganyia na wenzake kwa fedha kidogo. Mama yake alijua anafanya “mambo ya manukato”.

Siku za kuvundika

Kuna hatua moja ambayo wachanganyaji huizungumzia kwa heshima kubwa. Baada ya kutikisa chupa hawaivuti siku hiyo. Wanaiweka kabatini, mahali penye giza na pasipo joto, ikae. Nikamwambia yule kijana baadaye kwamba bibi yangu alikuwa na neno zuri kuliko la Kizungu: kuvundika, kama ndizi shimoni.

Sababu ya kuvundika ni ya kweli. Glisirini ni nzito, na arki hazisambai ndani yake mara moja. Arki nyingi pia huyeyushwa kwa spiriti, na ile harufu kali ya mwanzo inahitaji muda ipungue. Ladha za matunda huwa tayari upesi, hata siku ile ile. Zile za maziwa, kastadi, vanila na tumbaku husubiriwa wiki mbili hadi nne. Katika muda huo juisi hubadilika rangi, ikawa ya njano, kisha ya kahawia kama chai ya rangi. Anayeanza hufurahi, akidhani rangi ile ni dalili ya kuiva. Kwa sehemu ni vanila, na kwa sehemu ni nikotini yenyewe inayokutana na hewa na kuchakaa. Rangi haikwambii kama ladha imekaa sawa, wala haikwambii mle ndani mna nikotini kiasi gani.

Sasa nitazame mimi kama muuguzi na si kama mpishi. Chupa ile inakaa kabatini wiki tatu. Haina lebo kwa sababu aliyeichanganya anajua mwenyewe iko wapi. Ina rangi ya chai na harufu ya stroberi, na jina lake nyumbani humo ni juisi. Inasubiri. Na ndani ya nyumba hiyo hiyo yumo mtoto wa miaka miwili na nusu anayefungua kila kinachofunguka. Mimi sijui mtego mwingine wa sumu uliotegwa vizuri kuliko huo.

Hesabu ya desimali

Tulipokuwa chuo cha uuguzi tulifundishwa kusoma lebo ya dawa mara tatu: unapoitoa kabatini, kabla ya kuivuta kwenye sindano, na unapoirudisha. Dawa za hatari hukaguliwa na wauguzi wawili. Sindano iliyokwisha kujazwa haiachwi mezani bila jina. Tulizichoka sheria hizo tukiwa wanafunzi. Sasa nina miaka zaidi ya ishirini kazini na nimeona kila moja imetoka wapi.

Mchanganyaji wa nyumbani hufanya hesabu ile ile ya kuzimua dawa, lakini yuko peke yake, usiku, huku anaongea na simu. Tuseme anataka mililita 100 za juisi yenye miligramu 3 kwa mililita. Akiwa na nikotini ya 100, anahitaji mililita 3 tu. Arki zitachukua labda mililita 10, na 87 zilizobaki ni glisirini na propilini glaikoli. Akikosea nukta ya desimali akatia 30 badala ya 3, amepata juisi yenye nguvu mara kumi, na kwa macho haina tofauti. Akiitwa na mtu mlangoni kabla hajamaliza, akirudi hakumbuki kama nikotini ameshatia au bado. Basi anatia tena. Kumbukeni kosa hilo la pili, maana ndilo lililotukuta.

Hiyo nikotini ya 100 si kitu cha kuchezewa. Kijiko kimoja cha chai kina miligramu 500. Vitabu vya zamani vilisema miligramu 60 zinamuua mtu mzima. Wataalamu wa siku hizi, wakitazama watu waliokunywa zaidi wakapona, wanaona kiwango hicho kiliwekwa chini mno. Hata hivyo, kwa mtoto wa kilo 12 miligramu chache tu zinatosha kumtapisha, na kijiko hicho kimoja kinatosha kumuua. Mwezi Desemba 2014, katika mji mdogo wa Fort Plain, jimbo la New York, mtoto wa mwaka mmoja alifariki baada ya kumeza nikotini ya maji. Mwaka huo vituo vya sumu vya Marekani vilipokea taarifa zaidi ya 3,000 za watu waliofikwa na nikotini ya aina hiyo, wengi wao watoto wadogo. Mwanzoni mwa 2016 ikatiwa saini sheria ya kulazimisha vifuniko ambavyo mtoto hawezi kufungua. Lakini kifuniko hicho huja na chupa ya dukani. Aliyemimina kwenye chupa aliyoinunua sokoni ameshakiacha nyuma.

Nikotini hupita pia kwenye ngozi. Mwanzoni mwa kazi yangu nilipangiwa kituo cha afya katika mkoa wa Tabora, nchi ya tumbaku. Msimu wa kuchuma tuliwapokea watu wenye kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika, ambao hawakuwa na malaria. Walikuwa wamechuma majani yenye umande, nguo zikalowa na nikotini ikaingia mwilini. Wakulima wa mboga nao huloweka majani ya tumbaku na kupulizia wadudu, nao wadudu hufa. Ndiyo maana naomba tusiseme “ni ladha tu”.

Pua ya mpishi haitoshi

Jirani yangu aliniuliza swali la maana: “Arki hizi mbona ni zile zile tunazotia kwenye keki?” Nyingi ni hizo hizo. Ila keki inakwenda tumboni, ambako kuna asidi, ini na figo za kupokea na kuchuja. Pafu halina ulinzi huo.

Mfano unaojulikana sana ni diasetili, ile inayoleta ladha ya siagi. Ukiila haina neno. Lakini mwaka 2000 iligunduliwa kwamba wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha bisi katika jimbo la Missouri, waliokuwa wakivuta mvuke wa ladha hiyo kazini, walipata makovu katika njia ndogo za hewa, yasiyotibika. Nisiwatie hofu kupita ukweli: wale walivuta kwa wingi kila siku kiwandani. Lakini ladha za kastadi na krimu ndizo zinazoweza kuwa nayo, na mchanganyaji wa nyumbani hana maabara ya kupimia. Arki zenye mafuta ni mbaya zaidi. Mafuta hayayeyuki pafuni, hubaki na kuleta nimonia isiyosikia antibiotiki. Mwaka 2019 kule Marekani ulizuka ugonjwa wa mapafu kwa wavutaji wa vifaa hivi. Hadi Februari 2020 waliolazwa hospitalini au kufariki walikuwa 2,807, na katika hao waliokufa ni 68. Wengi wao walikuwa wamevuta mafuta ya bangi yaliyoongezwa aina ya vitamini E ili yawe mazito. Vitamini E ni kitu cha kheri tukiila au kuipaka. Aliyeitia alidhani vivyo hivyo.

Kila ninapofikiria jambo hili nakumbuka habari ya wanafunzi wa Elisha katika Wafalme wa Pili, sura ya nne. Njaa ilikuwa kali, mmoja akatoka kondeni akachuma matango-mwitu asiyoyajua, akayakatia ndani ya chungu cha watu wote. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anapika.

Tumrudie mtoto

Maziwa niliyazuia. Najua desturi yetu: mtu akinywa sumu anapewa maziwa, au mafuta, au anatiwa kidole atapike. Msifanye hivyo. Mtoto anayetapika na kulegea anaweza kuvuta maziwa yakaingia mapafuni, na maziwa hayaifuti nikotini. Nilivaa glovu, nikamvua gauni, nikamwosha mikono, kifua na uso kwa sabuni na maji mengi yanayomiminika. Kama ingekuwa jicho, ningelimiminia maji safi kwa robo saa nzima. Nikamlaza ubavu ili matapishi yatoke nje. Chupa zote mbili nikazifunga kwenye kopo, twende nazo.

Ndani ya bajaji bibi alikuwa anaomba kwa sauti, na mimi nilikuwa nampigia simu mwanawe. Daktari angeuliza jambo moja kabla ya yote: ni kitu gani, na cha nguvu gani?

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Nina chupa mbili hapa za kabati la jikoni. Mpwa wako amekunywa moja. Zina nini?”

Kimya. Kisha akaniambia, huku sauti inamkatika, kwamba moja ilikuwa ya stroberi, ya miligramu 6. Nyingine ilikuwa ile ya nguvu, ya 100, aliyoimimina humo kwa sababu chupa kubwa ilikuwa inavuja.

“Ya nguvu inanukia nini?”

“Hainukii chochote, mama.”

Nikaliinamia gauni lililokuwa kwenye beseni miguuni pangu nikalinusa. Stroberi. Nikafungua kopo, nikakitazama kifuniko cha chupa ya pili, kilikuwa kimekazwa. Sijawahi kushukuru kwa harufu ya stroberi kama siku ile. Lakini kijana hakuwa amemaliza. “Mama, hiyo ya stroberi sina hakika. Niliitwa nje nilipokuwa naichanganya. Huenda nikotini niliitia mara mbili.”

Kwa hiyo tukafika hospitali tukisema sita, au kumi na mbili. Kiasi kikubwa kilikuwa kimemwagika sakafuni, na alichomeza alikuwa amekitapika mapema. Nikotini haina dawa ya kuifuta. Daktari huangalia pumzi, moyo na maji ya mwili, na mwili wenyewe huipunguza kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi. Tulikaa tukitazama kile tunachokiogopa: mwanzo mtoto hutokwa mate na jasho, hutapika, hutetemeka na moyo humwenda mbio, hali ikigeuka kuwa ya kulegea, kusinzia, degedege na pumzi kuwa chache, hapo ndipo hatari. Haikugeuka. Saa moja ya usiku aliomba uji. Akalala wodini, asubuhi akarudishwa nyumbani.

Kijana na mzani wake

Alikuja kwangu Jumapili baada ya ibada, amevaa shati lake la kwaya. Nilikuwa nimejiandaa kumkemea, nikakuta hakuna kilichobaki cha kukemea. Aliniambia alianza vepu bila kuwahi kuvuta sigara hata moja, kwa sababu ya ladha ya embe. Sasa akiamka haanzi siku bila hiyo, na asipoipata mikono inamtetemeka.

Kuna wakubwa wenye hoja nyingine, na haki wasikilizwe. Uingereza huduma ya afya ya taifa huwasaidia wavutaji wa sigara kuhamia kwenye vepu halali za dukani, kwa kuwa moshi wa tumbaku inayoungua una madhara makubwa zaidi. Uganda, kwa upande wake, ilizipiga marufuku kabisa kwa sheria ya mwaka 2015. Mzee aliyevuta miaka thelathini akiniuliza, nitakaa naye tulipime jambo hilo, pamoja na bigijii na plasta za nikotini ambazo kipimo chake kinajulikana. Kijana ambaye hakuwa na sigara ya kuacha hakuwa na sababu ya kuianza nikotini.

Na kama ndani ya nyumba yako yumo mtu mzima anayechanganya na hasikii, mama mwenzangu, shika angalau haya wakati unaendelea kusema naye. Nikotini ya nguvu isikae humo kabisa. Kilichopo kibaki kwenye chupa yake ya awali yenye kifuniko kigumu, ndani ya kisanduku chenye kufuli, juu, mbali na jikoni na friji. Kila chupa iandikwe jina, nguvu na tarehe siku ile ile, hata kwa plasta na kalamu. Kijiko, bakuli au sindano iliyotumika isirudi kamwe kwenye chakula wala kwenye dawa za mtoto. Kikimwagika, kifutwe kwa glovu na kitambaa cha kutupa. Na neno juisi lisitumike mbele ya watoto.

Tulikubaliana apunguze kwa hatua, na anakuja kwangu kila Ijumaa jioni kunipa hesabu. Wiki mbili za kwanza alikuwa mkali nyumbani, hapati usingizi, anakula kila kinachoonekana. Nilikuwa nimemwonya mama yake asidhani ni utundu. Amewahi kuteleza mara moja, siku ya mtihani, na alikuja kuniambia mwenyewe.

Chupa zote hazikumwagwa chooni wala jalalani, maana kuku, mbwa na watoto wanaochakura wapo huko. Tulizifunga, nikazipeleka kwenye duka la dawa la hospitali, zikaungana na dawa zilizokwisha muda kwenda kuchomwa tanurini. Mabomba ya sindano yakaenda nazo. Mzani yule kijana aliupangusa kwa sabuni mara tatu, mimi nikiwa nimesimama, kisha akamuuliza mama yake kama anautaka wa kupimia unga. Mama yake aliutazama kwa muda. Akasema hapana, mwanangu, nao uende.